MWANANGU HAKUKUSUDIA, NA BADO REFA ALIKUWA SAHIHI

SEHEMU YA 1

Najua wengi mnasubiri muendelezo wa ile mada ya homa za usiku. Utakuja, msinirukie. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na nisipolitoa sitalala vizuri.

Kwa wageni: mimi ni nesi wa wodini, diploma, zamu za usiku, naishi Ohio huku Marekani na baba watoto na wanetu wawili. Mkubwa ana miaka 11 na anacheza besiboli. Ndiyo, besiboli. Mpira wa miguu alijaribu, akaniambia mama huu ni wa kukimbia tu. Basi tukamwandikisha huko kwenye ligi ya watoto ya mtaani kwetu, na kila Jumamosi mie natoka zamuni macho mekundu, napitia uwanjani na thermosi ya chai.

Jumamosi ilikuwa mzunguko wa sita, wa mwisho. Timu yetu inadaiwa pointi moja. Mtoto wetu mmoja yuko kituo cha kwanza, mmoja ameshatolewa, na anayepiga ni mwanangu. Ameshakosa mara mbili. Mrushaji akarusha, mwanangu akazungusha gongo (la mbao jamani, siyo lile la kunywa) kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Akakosa. Nguvu ile ikamzungusha mwenyewe, akapepesuka akaangukia mbele, juu ya lile bamba jeupe wanaloliita nyumbani. Wakati huohuo mwenzake wa kituo cha kwanza alishachomoka kwenda cha pili. Mdakaji, mtoto wa rika lake, akanyanyuka kurusha mpira kumkamata yule mkimbiaji. Mkono wake ukagonga helmeti ya mwanangu. Mpira ukaanguka chini. Mtoto akalia.

Refa akanyoosha mikono, mpira umekufa. Kisha akasema: mpigaji nje, na mkimbiaji naye nje. Mechi imekwisha, tumefungwa.

Na mimi, mama wa watu, mwenye beji ya hospitali shingoni bado, nikasimama nikapiga kelele hadi mji wa pili: "Hakukusudia! Alianguka! Huoni alianguka?"

Refa mwenyewe ni kijana wa kama miaka 16. Alinitazama akashusha macho.

SEHEMU YA 2

Kabla hamjanihukumu, niwaeleze mchezo wenyewe, maana wengi wetu tumekulia rede. Na rede inasaidia kuelewa, kwa sababu hata kule mtu yuko katikati na mpira unapita juu yake, na kuna ugomvi usioisha wa "umenizuia".

Kwenye besiboli kuna vituo vinne, vimekaa kama almasi. Mpigaji anasimama nyumbani. Mrushaji anamrushia kutoka katikati. Nyuma ya mpigaji, amechuchumaa, yuko mdakaji. Huyu ndiye mtoto nitakayemzungumzia leo. Amevaa kama anakwenda vitani: helmeti yenye kinyago cha chuma, kinga ya koo inayoning'inia chini ya kinyago, ngao ya kifua, ngao za miguu. Mkono mmoja una glovu kubwa. Mkono wa pili, ule wa kurushia, uko mtupu. Hauna chochote. Mkumbuke huo mkono.

Sasa, mkimbiaji aliyeko kituoni anaruhusiwa "kuiba" kituo kinachofuata. Siku ya kwanza kocha aliposema "leo tutawafundisha kuiba" nilitaka kumchukua mwanangu tuondoke. Maana yake ni kwamba mpira ukirushwa, mkimbiaji anachomoka bila kusubiri mwenzake aupige. Kwa watoto wa umri huu kwenye Little League haruhusiwi kuondoka mpaka mpira umfikie mpigaji. Akichomoka, ni kazi ya mdakaji kuudaka mpira, kunyanyuka na kuurusha kituo cha pili kabla mwizi hajafika.

Uwanja wao una futi 60 kutoka kituo hadi kituo, lakini kutoka nyumbani hadi cha pili, kwa kukata katikati, ni karibu futi 85. Hiyo ni kama mita 26. Mtoto wa miaka 11 kutoka kwenye kuchuchumaa, na dirumu la nguo mwilini, arushe mita 26 kwa unyoofu ndani ya sekunde chache. Wakubwa wa ligi kuu wao hurusha futi 127 na kidogo. Mie mwenyewe sirushi hata nusu ya hiyo ya watoto, nimejaribu, mpira uliingia kwenye gari la mtu.

Kwa hiyo ile nafasi ya mdakaji ya kurusha ni ndogo sana, na katikati ya yeye na kituo cha pili kuna kizuizi kimoja tu kilicho hai: mpigaji mwenye gongo.

SEHEMU YA 3

Sheria. Nimeisoma usiku wa Jumapili wakati wodi imetulia, nimeisoma mara tatu. Wenyewe wana neno lao la Kiingereza, mimi nitaita kumkwaza mdakaji.

Mpigaji ana kisanduku chake kilichochorwa kwa chaki. Kwa watoto ni futi 3 kwa 6. Mdakaji anapotaka kurusha, mpigaji akitoka nje ya kisanduku akamkwaza, yuko nje. Akibaki ndani ya kisanduku lakini akafanya kitu kingine kinachomkwaza, mathalani akainama njiani, akainua gongo, akarudi nyuma, vilevile yuko nje. Mpira unakufa, na wakimbiaji wote wanarudi kwenye vituo walivyotoka. Anayesimama tuli kwenye kisanduku chake, kwa kawaida hana kosa. Hakuna anayemtaka ayeyuke.

Halafu kuna kipande kizuri ambacho wazazi wengi hawakijui. Mdakaji akikwazwa lakini akafanikiwa kumtoa yule mkimbiaji hivyohivyo, basi inachukuliwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkimbiaji nje, mpigaji anaendelea kupiga. Sheria haimtafuti mtoto wa kumwadhibu. Inaangalia kama mdakaji alinyang'anywa nafasi yake. Kama hakunyang'anywa, yameisha.

Sasa kwa mwanangu kwa nini walitoka wawili? Hapa ndipo nilipopandisha mori. Kumbe lile kosa lake lilikuwa la tatu. Akikosa mara tatu tayari ametolewa, yeye si mchezaji tena kwa zamu hiyo. Na mtu ambaye ameshatolewa akimkwaza mdakaji, huwezi kumtoa mara ya pili, kwa hiyo anayelipa ni mwenzake aliyekuwa anakimbia. Fikiria isingekuwa hivyo: kila mtoto aliyekosa mara tatu angejiangusha tu juu ya nyumbani ili mwenzake aibe salama. Makocha wangefundisha kuanguka. Nawajua watu wazima, wangefundisha.

Kuna na ile ya mkimbiaji anayetoka kituo cha tatu kuja nyumbani. Hapo mambo yanageuka kidogo: mpira ukimpita mdakaji ukaenda nyuma, na mchezo unarudi palepale nyumbani, mpigaji hatakiwi kuganda kama mlingoti. Ana muda wa kuona, aondoke apishe. Akiwazuia, na waliotolewa hawajafika wawili, anayetolewa ni yule anayekuja nyumbani. Wakiwa wameshatolewa wawili, ni mpigaji.

Kwa hiyo sisi wazazi tunaopiga kelele "toka! toka!" kila mara mpira unapochezwa, tunawaharibu. Mwenzake akiiba cha pili, mwambie mwanao asimame tuli. Mwenzake akija nyumbani, mwambie apishe. Ukishindwa kukumbuka ipi ni ipi, kunywa chai yako ukae kimya, kocha yupo.

SEHEMU YA 4

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Neno nililopiga nalo kelele: hakukusudia.

Ni kweli hakukusudia. Mtoto alianguka. Nilimzaa mimi, najua anapoigiza. Lakini sheria haikuuliza kama alikusudia. Inauliza kama mdakaji alikwazwa. Na wengi kwenye benchi yetu walisema hiyo ni ukatili kwa watoto, eti wakubwa sawa, watoto wasamehewe. Baba watoto naye yuko upande huo mpaka leo ninavyoandika. Mimi nimehama.

Niwape mfano wa kazini kwangu. Miaka kadhaa nyuma, zamu ya usiku, nilichukua vidonge vya mgonjwa wa kitanda kimoja nikawa naelekea navyo kitanda cha jirani. Majina yalifanana mwanzo. Nilikuwa nimechoka, simu imelia, mtu ameniita. Nikasoma bangili ya mkononi nikashtuka, nikarudi. Hakuna aliyeumia. Lakini fomu ya tukio niliijaza, na kwenye ile fomu hakuna swali linalosema "Je, ulikusudia?" Maswali ni mgonjwa alipata nini, ilitokeaje, nini kifanyike. Mwanzoni niliona wananidhalilisha. Mimi niliyejitoa usiku kucha, naandikishwa kama mhalifu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile karatasi haikuwa inaandika habari za moyo wangu. Ilikuwa inamwandika mgonjwa.

Na hii sheria ni hivyohivyo. Refa aliposema "nje" hakusema mwanangu ana roho mbaya. Alisema kuna mtoto mwingine pale alikuwa na haki ya kurusha, na hakurusha. Mkimbiaji angefika salama? Labda. Mdakaji angekosa? Labda. Hatutajua, kwa sababu mwanangu alikuwa katikati. Ubaya wa ile sekunde lazima umwangukie mtu, na haiwezekani umwangukie aliyekwazwa.

Tukisema watoto wasamehewe kwa sababu hawakukusudia, nani analipa? Mtoto wa mama mwingine. Siku ile mimi sikumwona kabisa. Nilikuwa natazama wa kwangu tu.

Hilo ndilo linaloniuma. Nesi mzima, mtoto analia ameshika mkono, na mimi nabishana habari za pointi.

SEHEMU YA 5

Jirani yetu ni mzee mzaliwa wa Cincinnati, hapahapa Ohio. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Akasema mama, huo ugomvi wako wenzio waliugombana 1975.

Mwaka huo timu ya Cincinnati, Reds, ilikuwa fainali na Red Sox ya Boston. Mechi ya tatu, tarehe 14 Oktoba, pointi 5 kwa 5, mzunguko wa kumi wa nyongeza, Reds wanapiga. Mpigaji wao Ed Armbrister akaugusa mpira kidogo tu ili mwenzake wa kituo cha kwanza asogee. Mpira ukadunda mbele ya nyumbani. Mdakaji wa Boston, Carlton Fisk, akauendea, Armbrister naye anaondoka, wakagongana. Fisk aliupata mpira akaurusha kituo cha pili, ukapita juu ukaenda zake mbali. Mkimbiaji akafika cha tatu, Armbrister mwenyewe cha pili. Boston wakamlilia refa, Larry Barnett: amemkwaza! Barnett akakataa, akasema ni kugongana tu. Muda mfupi baadaye Joe Morgan akapiga, mtu akaja nyumbani, Reds wakashinda 6 kwa 5. Na mwisho wa yote wakachukua ubingwa, mechi nne kwa tatu.

Pale hali ilikuwa tofauti na ya mwanangu. Mpira ulikuwa umepigwa, na mpigaji ana haki ya kukimbia kama vile mdakaji ana haki ya kuufuata mpira. Marefa walikuwa na maelekezo kwamba mdakaji na mpigaji wakigongana pale mbele ya nyumbani, mmoja anafuata mpira na mwingine anakwenda kituo cha kwanza, kwa kawaida hakuna kosa. Kwa hiyo Barnett alikuwa na msingi wake. Mzee jirani anasema alikuwa sahihi kabisa, lakini yeye ni wa Cincinnati, mnategemea aseme nini? Boston mpaka leo wana neno.

Lililonigusa mimi ni kwamba baada ya mechi ile Barnett alitishiwa kuuawa. Mtu mzima, refa wa fainali, anatishiwa maisha kwa ajili ya watu wawili waliogongana mbele ya bamba la mpira. Halafu nikamkumbuka yule kijana wetu wa miaka 16 aliyeshusha macho. Yeye anafanya ile kazi apate hela ya mafuta ya gari. Na aliitambua sheria ambayo makocha wawili, baba watoto na mimi hatukuijua.

SEHEMU YA 6

Kidole cha yule mtoto. Wengine mmeniuliza inbox kwa sababu mliona picha ya uwanja.

Baada ya kelele zangu kuisha nilishuka. Aibu ilikuwa bado haijanifikia, ilinikuta njiani. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kimevimba kwenye kiungo, hawezi kukikunja. Mjomba wake alikuwa anataka kukivuta "kirudi". Nikasema hapana mjomba, tafadhali. Mama mwenzangu, nakuomba ulishike hili: kidole cha mtoto kilichogongwa usikivute, usikikande. Mifupa ya watoto ina sehemu laini karibu na viungo ambako mfupa unakua, na hapo ndipo panapovunjika kirahisi. Ukivuta unaweza kuharibu zaidi. Barafu uifunge kwenye kitambaa, isiguse ngozi moja kwa moja, dakika 15 hadi 20. Kama ana pete, itoe mapema. Kifunge pamoja na kidole cha jirani kama maumivu yanaruhusu, mkono ukae juu, mpeleke akapigwe picha. Na kama kidole kimepinda, kimekufa ganzi au kimepauka, usifunge chochote, nenda sasa hivi.

Alikwenda. Kimepata ufa mdogo, atapona, lakini mechi za mwezi mzima amekosa.

Na kwa vile nimeshaanza, niseme la kichwa, maana hapa ndipo sikubaliani na wazazi wanaodhani sheria inatosha. Kuna ile gongo inapozunguka baada ya mpigaji kukosa, inafika mpaka nyuma inampiga mdakaji. Kama ni bahati mbaya, sheria inasema ni straiki tu, mpira unakufa, hakuna anayesogea. Kwa mchezo ni sawa. Kwa kichwa cha mtoto si sawa hata kidogo, na refa si nesi. Hata wakubwa wenye misuli huumia: Mei 2024 Willson Contreras, mdakaji wa St. Louis, alivunjwa mkono na gongo la mpigaji. Hapo ilihesabika yeye mdakaji ndiye aliyemkwaza mpigaji kwa kusogeza glovu mbele, mpigaji akapewa kituo cha kwanza, na Contreras akaenda kufanyiwa upasuaji. Unaona? Sheria inaweza kukupa kosa na mkono umevunjika vilevile.

Kwa hiyo kama mwanao ni mdakaji, muulize kocha wake amekaa umbali gani kutoka kwa gongo. Helmeti imkae, isicheze kichwani. Akipigwa kichwani, hata kama anasema "niko poa", anatoka. Hapa Ohio tangu 2013 ni sheria: mtoto mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo anatolewa, harudi siku hiyo, na hachezi tena mpaka aruhusiwe kwa maandishi. Popote ulipo, fanya hivyohivyo. Kichwa kuuma kunakozidi, kutapika, kusinzia kuliko kawaida, kuongea mambo yasiyoeleweka, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege: hapo ni dharura, usisubiri asubuhi.

SEHEMU YA 7, FUPI

Jumatatu tulikwenda kwao na mwanangu. Alikuwa anaogopa, kaniuliza njiani, "Mama, nikisema samahani si watajua ni mimi niliyemvunja?" Nikamwambia wanajua, baba, walikuwepo. Akaomba samahani. Yule mdakaji akamwambia hamna shida, ila umeanguka kama gunia. Wakaenda zao kucheza gemu kwa mkono mmoja mmoja. Mama yake alinikaribisha ndani, hakunisema, na hilo lilinichoma kuliko angenisema.

Kwa refa sijakwenda bado. Jumamosi hii anachezesha tena, nimepika maandazi. Baba watoto anasema nitaonekana nahonga.

Haya, zamu inaanza saa moja na sijapiga pasi. Maswali ya vidole na vichwa wekeni chini, nitajibu wodi ikitulia. Anayetaka kubishana kuhusu 1975, mzee jirani hana simu ya kisasa, ila nitamsomea.